Maana ya ujumlishaji wa viungo kati ya swichi

Ujumlishaji wa viungo ni utaratibu wa kuchukua kebo mbili au zaidi zinazounganisha swichi moja ya mtandao (kifaa kinachopitisha data kati ya kompyuta) na nyingine, au swichi na seva, na kuvifanya vifaa hivyo vizihesabu kebo zote kuwa kiungo kimoja. Kebo nne za gigabiti 1 kwa sekunde kila moja huleta uwezo wa jumla wa gigabiti 4, na moja ikikatika, mawasiliano huhamia kwenye tatu zilizobaki.

Kuchomeka tu kebo ya pili hakutoshi. Swichi inapopokea fremu (kifurushi cha data) inayokusudiwa vifaa vyote huitoa kwenye kila poti (tundu la kebo) isipokuwa ile iliyoingilia, kwa hiyo kebo mbili zikiachwa hivi hivi, fremu hiyo huenda kwa moja na kurudi kwa nyingine bila kikomo, hadi mtandao mzima unalemewa. Itifaki (kanuni za mawasiliano) ya STP huzuia kitanzi hicho kwa kuifunga kebo moja. Mtandao husalimika, lakini kebo iliyolipiwa hukaa bure. Ujumlishaji huondoa kasoro hiyo, kwani STP huona kiungo kimoja tu.

Jambo linalokosewa mara nyingi, na linalostahili kuelezwa kwa makini, ni namna mzigo unavyogawanywa. Kwa kawaida swichi haizigawi fremu kwa zamu, kwa kuwa zingeweza kufika bila mpangilio. Badala yake hukokotoa namba kutokana na anwani za MAC (utambulisho wa kifaa ndani ya mtandao wake), anwani za IP (utambulisho wa kifaa hata nje ya mtandao wake) au namba za poti za TCP na UDP (zinazotambulisha programu zinazowasiliana, si matundu ya kebo), na matokeo ndiyo yanayochagua kebo. Fremu zote za mawasiliano yale yale hupita basi kwenye kebo ile ile, na seva inayonakili faili moja kubwa kwa muunganisho mmoja haitazidi gigabiti 1 hata kebo zikiwa nane. Faida huonekana pale wanapokuwapo watumiaji wengi. Hata hivyo, ikiwa ukokotoaji unategemea anwani za MAC peke yake na data yote inapita kati ya ruta mbili (vifaa vinavyounganisha mitandao tofauti), anwani hizo hazibadiliki, na kebo moja huelemewa huku nyingine zikiwa tupu.

Kiwango cha kimataifa cha utaratibu huu kilitolewa na IEEE, shirika la wahandisi linaloweka viwango, mwaka 2000 kwa jina 802.3ad, kisha mwaka 2008 kikahamishiwa 802.1AX. Ndani yake imo itifaki ya LACP, ambayo kwayo vifaa viwili hupelekeana ujumbe kila baada ya sekunde 1 au 30. Ujumbe ukikosekana mara tatu mfululizo, kebo husika huondolewa kwenye kundi. Angalau upande mmoja sharti uwe katika hali ya kuanzisha mazungumzo. Inawezekana kuunda kundi bila LACP, lakini sishauri: kifaa kilicho katikati ya njia kinaweza kuharibika huku taa ya poti ikiendelea kuwaka, na swichi ikaendelea kutuma data inayopotea.

Kebo zote zinapoishia kwenye swichi moja, hitilafu ya swichi hiyo bado hukata kila kitu. Kwa sababu hiyo baadhi ya watengenezaji huwezesha swichi mbili kujitambulisha kama moja, ili kebo za kundi zigawanywe kati yake.