Mama mmoja, mabinti wa sura tatu

Kibanda changu cha kufugia vipepeo kiko ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Mgeni akija, mimi humwonyesha vipepeo wanne. Wa kwanza ana manjano ya kupauka, ukingo mweusi na mikia kwenye mbawa za nyuma. Wa pili ni mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, wa tatu mweusi wa madoa, wa nne rangi ya chungwa. Hao watatu hawana mikia. Nikisema wanaweza kuzaliwa na mama mmoja, mgeni hucheka. Simlaumu. Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu, alipoandika mwaka 1869 kwamba ni spishi moja, wapo wataalamu waliomcheka pia.

Jina lao la kisayansi ni Papilio dardanus. Yule wa manjano ni dume. Majike ndio waigaji. Msituni humu wamo vipepeo wengine, Amauris, weusi kwa weupe, wenye sumu mwilini. Ndege akimwonja mmoja hatamani wa pili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na jike wa dardanus ndiye huo ung'ongo: hana sumu yoyote, amevaa tu vazi la mwenye sumu. Yule wa rangi ya chungwa humwiga Danaus chrysippus, kipepeo mwingine mwenye sumu, ambaye utamkuta hata shambani.

Kwa nini wasiige mmoja tu? Uongo ukizidi hujulikana. Waigaji wa vazi moja wakiwa wengi mno, ndege watagundua kwamba hapo pana mlo. Vazi adimu hulinda zaidi. Na hakuna mavazi nusunusu, maana Clarke na Sheppard, wanasayansi waliowapandisha vipepeo hawa kwa mkono huko Uingereza, walionyesha kuwa tofauti hizi hutawaliwa na sehemu moja tu ya kromosomu, nyuzi za mwilini zinazobeba urithi.

Dume je, mbona haigi? Mimi natazama kazi. Dume hupita kwa kasi. Jike mwenye mayai hupepea polepole vichakani, jani kwa jani, akitafuta pa kutaga, basi ndiye anayehitaji vazi zaidi. Ila Madagaska majike nao ni wa manjano wenye mikia, na hilo hunivuruga kila nikidhani nimeelewa.

Hata mimi hudanganywa. Juzijuzi nilimfukuza mmoja kibandani nikidhani ni Amauris aliyepenya. Akazunguka nje, akatua kwenye mlimau, akapinda tumbo, akataga yai moja. Amauris hatagi mlimauni; kumbe alikuwa jike wa dardanus. Siku chache baadaye akatoka kiwavi kama kinyesi cha ndege. Nilipomgusa akachomoza pembe mbili zinazonuka.