Tham ni Hati, si Lugha

Juzi tena nimemsikia mtu akieleza picha ya mswada wa zamani kutoka Laos: "Hii imeandikwa kwa lugha ya Tham." Lugha hiyo haipo. Tham ni hati, yaani aina ya herufi. Walioitumia ni Walao, Watai wa Lanna kaskazini mwa Thailand, Wakhün wa Kengtung huko Myanmar, na Walue wa Sipsong Panna, kusini mwa Uchina.

Jina limetokana na *dhamma*, neno la Kipali, lugha ya maandiko ya Kibuddha, kwa mafundisho ya Buddha (Kisanskriti ni *dharma*). Litamke kwa "t" yenye pumzi. Hii si "th" ya thelathini. Herufi zenyewe ni za mviringo, uzao wa herufi za Wamon, watu wa Myanmar na Thailand, na bamba la dhahabu la mwaka 1376 lililopatikana Sukhothai, Thailand, linazo tayari, zikiandika Kipali. Pengine mkanganyiko unaanzia kwenye jina: mtu akisikia "dhamma" anadhani ni hati ya dini tupu. Huko Lanna hati hiyohiyo iliandika sheria, dawa na unajimu, na wenyeji huiita pia *tua mueang*, herufi za nchi yao.

Tazama jani moja la talipoti, mti wa ukoo mmoja na mvumo. Mwandishi amekwaruza herufi kwa kalamu ya chuma, akapaka masizi yaliyochanganywa na mafuta, kisha akafuta. Weusi umebaki kwenye mifereji tu. Kuna matundu ya kupitisha uzi. Sasa soma mstari: neno la Kipali, halafu maelezo yake kwa Kilao, tena Kipali, tena Kilao. Mtindo huo huitwa *nissaya*. Lugha mbili, hati moja. Hiyo "lugha ya Tham" ni ipi kati ya hizo?

Sisi tusingepaswa kuhangaika na jambo hili. Utenzi wa Tambuka uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na bado ni Kiswahili. (Anayeuita mswada wa Kiarabu kwa kutazama herufi tu, naye tutamfikia.)

Basi, ndugu yangu, ukirudi kwenye picha ile andika "mswada wa Kipali na Kilao, kwa hati ya Tham." Na kama hujui lugha, andika hati peke yake, haina ubaya.