Takwimu za hospitali ya akili: dhana potofu na ukweli

"Waliolazwa 600 ni wagonjwa 600." Rejista huhesabu kulazwa, si watu. Aliyeingia Januari akarudi Mei na Oktoba ameandikwa mara tatu. Linganisha namba za faili, kisha jinsia na tarehe ya kuzaliwa, kwani faili likipotea hufunguliwa jingine na mtu mmoja anageuka wawili.

"Tukihesabu waliomo wodini leo, tutajua wagonjwa wetu hukaa muda gani." Hili ndilo kosa linalopotosha mipango kuliko yote. Chukua wodi ya vitanda 100. Vitanda 50 vina watu wanaokaa mwaka mzima. 50 vilivyobaki hupokea wanaokaa siku 10. Pita asubuhi moja na daftari: nusu ya utakaowakuta ni wa muda mrefu. Lakini kwa mwaka, vile vya siku 10 vimepokea 1,825 (50 × 365 ÷ 10), kwa hiyo wakaaji wa muda mrefu hawafiki hata 3 katika kila 100. Hesabu ya siku moja inafaa kupanga chakula na zamu za wauguzi. Ukitaka kujua ugonjwa unakwendaje, fuatilia walioingia kipindi kimoja tangu siku ya kwanza.

"Wodini skizofrenia (ugonjwa wa akili unaovuruga fikra) inaongoza, basi na mtaani ni hivyo." Sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) na wasiwasi ni vingi zaidi katika jamii, ila wenye navyo wengi hawalazwi. Mtakwimu Joseph Berkson alionya tangu 1946 kwamba sampuli za hospitali haziwakilishi jamii.

"Idadi imebadilika, ugonjwa umebadilika." Tazama kwanza kama wodi iliongezwa, kama dawa zilikosekana kliniki, kama msimbo wa ugonjwa ulibadilishwa. Katika ICD, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, skizofrenia ni F20 katika toleo la ICD-10 na 6A20 katika ICD-11, lililoanza kutumika Januari 2022. Anayetafuta F20 peke yake ataona ugonjwa "umetoweka".

"Vitanda ni hesabu ya kugawanya tu." Waliolazwa 1,200 kwa wastani wa siku 30 ni siku 36,000, gawa kwa 365, unapata 99. Hiyo ni wodi isiyo na nafasi hata moja. Ukitaka vitanda vijae kwa wastani asilimia 85 tu, unahitaji 116. Na wastani wenyewe ukaguliwe: mtu mmoja aliyetelekezwa na ndugu miaka 6, akiruhusiwa pamoja na wengine 99, anaupandisha kwa siku 22 hivi.

"Kufuta majina kunatosha." Umri, kijiji na ugonjwa adimu vinamtaja mtu. Weka umri kwa makundi, ficha visanduku vya jedwali vyenye watu chini ya 5, na ufiche kisanduku kingine kwenye mstari huohuo. La sivyo msomaji atatoa kwenye jumla na kukipata ulichoficha.