Ile 255 ya kwenye boksi si mafuta yanayofika kwa injini

Meseji imeingia tena: "Fundi, niko na Subaru Impreza GDB, nataka nguvu ya farasi 450, naambiwa pampu ya mafuta ya Walbro 255 inatosha, si ni kutoa ya zamani na kuingiza mpya tu?" Naulizwa hivi kila mara, namba zinabadilika tu, mwingine atasema 340 ya AEM inafika farasi 600, mwingine ana pampu ya 450 na anaamini hatawahi kufikiria mafuta tena maishani. Leo naandika yote mahali pamoja, na ndefu nitaifanya ile sehemu inayonikasirisha zaidi, ambayo ni waya.

La haraka kwanza. Pampu haileti nguvu. Nguvu inaletwa na hewa, turbo inasukuma hewa, kompyuta inafungua injekta zinazonyunyiza mafuta kulingana na hiyo hewa, na pampu kazi yake ni kuhakikisha injekta ikifunguka inakuta presha ile ile iliyowekwa kwa tyuni, yaani mpangilio wa kompyuta. Ukibadilisha pampu kwa gari stoku, ile iko vile ilitoka kiwandani, halafu useme imekuwa nyepesi, basi ile ya zamani ilikuwa imechoka, au ni sauti mpya unayoisikia huko nyuma.

Sasa hiyo 255. Ni lita kwa saa, sawa, lakini lita hizo zimepimwa presha ikiwa ngapi na umeme ukiwa volti ngapi? Kwa kawaida namba ya boksi inatoka kwa kipimo cha karibu psi 40, yaani kama bar 2.8, na volti 13.5. Gari yako haiishi hapo. Subaru yako ina presha ya msingi ya bar 3, na ukianza kupiga busti, yaani presha ya hewa ya turbo, regulata (kile kifaa kinachoshika presha ya mafuta) inapandisha presha ya reli (paipu inayolisha injekta) sawasawa na busti, kwa sababu busti nayo inasukuma ncha ya injekta kutoka upande wa pili. Busti ikiwa bar 1.5, reli iko 4.5. Injekta inaona tofauti ya bar 3 kama kawaida, haijui kitu, lakini pampu huko kwa tangi inasukuma dhidi ya 4.5 na bado kuna filta na paipu ndefu njiani. Na pampu yoyote ya umeme, presha ikipanda lita zinashuka. Kwa hivyo ule wakati injini inataka mafuta mengi kabisa ndio huo huo wakati pampu iko na machache kabisa ya kutoa. Mtengenezaji mzuri huwa anatoa mchoro unaoonyesha lita kwa kila presha na kila volti, uangalie huo mchoro, boksi liache.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ya petroli yenye turbo inakula takriban kilo 0.27 za mafuta kwa kila farasi kwa saa. Farasi 450 mara 0.27 ni kilo 121 na kidogo, petroli ina uzito wa karibu kilo 0.74 kwa lita, kwa hivyo unahitaji kama lita 164 kwa saa. Ongeza asilimia 20 ya usalama unafika 197. Hapo mtu anaangalia 255 anasema mbona imebaki kibao. Haijabaki. Kwa bar 4.5 hiyo 255 imeshapoteza sehemu nzuri ya lita zake, na hapo bado hatujagusa umeme. Kama unachanganya ethanoli ndio kabisa, E85 (mafuta ambayo sehemu kubwa ni ethanoli) inataka ujazo wa karibu theluthi moja zaidi kwa nguvu ile ile, na pampu yenyewe iwe ya kuvumilia ethanoli.

Na niseme wazi kuhusu hiyo 0.27. Ni makadirio. Kuna wanaotumia 0.25, kuna wanaotumia 0.30, inategemea umetyuni mafuta kiasi gani juu na injini inapoteza joto vipi, lakini vitabu vinaiandika kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni. Ile asilimia 20 ya usalama nayo haina hesabu nyuma yake, ni mazoea ya mafundi. Siwezi kukuthibitishia kwamba 15 ni hatari ama 25 ni kupoteza pesa. Naitumia kwa sababu pampu mbili mpya za namba moja nikizipima hazitoi sawa, na pampu ikizeeka haikutumii barua.

Haya, waya.

Watu wananunua pampu ya bei, wananunua injekta za 1000cc, wanalipia tyuni, halafu pampu inawekwa kwa waya ule ule mwembamba ambao kiwanda kiliuweka kwa ajili ya pampu ndogo ya gari ya miaka ishirini iliyopita. Pampu ya stoku inavuta ampea chache. Hii mpya kwa presha ya juu inapita 10, na zile kubwa za 400 na kitu zinaweza kupita 15. Sasa chukua njia yote ya umeme, kutoka betri, fyuzi, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), soketi ya chini ya kiti, plagi ya kwenye kifuniko cha tangi, mpaka pampu, halafu urudi kwa bodi kupitia graundi. Ikiwa njia hiyo yote ina ukinzani wa omu 0.15 tu, na ni kitu kidogo sana hicho, plagi moja yenye kutu inatosha, basi ampea 10 zinakupotezea volti 1.5. Ampea 15 zinakupotezea 2.25. Alteneta inatoa 13.8, pampu inaonja 11 na pointi. Na kushuka kutoka 13.5 hadi 12 kwa presha ya juu kunaweza kukunyang'anya kama moja ya tano ya lita zako, kwa sababu sehemu kubwa ya mzunguko wa mota inaishia kufikia presha tu, kile kidogo kinachobaki juu yake ndicho kinacholeta lita, na ndicho kinachokatwa kwanza.

Kuna Impreza ililetwa hapa ikiwa na pampu mpya, mwenyewe ameambiwa ni feki anunue kubwa zaidi. Busti bar 1.4, kwa hivyo reli inatakiwa 4.4. Tukaweka sensa ya presha kwa reli na tukavuta waya mbili za kupimia kutoka plagi ya pampu mpaka ndani ya kabini. Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika presha iko 4.4, safi. Kufika 5,500 imeshuka 3.9 na inaendelea kushuka, na volti kwa pampu ni 11.6. Tukatoa plagi ya kifuniko cha tangi: pini moja imegeuka rangi ya kahawia na plastiki yake imeanza kulainika. Tukavuta waya wa milimita za mraba 4 kutoka betri, fyuzi karibu na betri, rilei mpya nyuma, graundi mpya iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma. Pampu ni ile ile "feki". Volti 13.3, presha 4.4 mpaka juu kabisa. Hakuna pampu kubwa iliyonunuliwa, na ingenunuliwa ingekuwa mbaya zaidi, maana pampu kubwa inavuta ampea zaidi kwa waya ule ule na volti zinaporomoka hata zaidi.

Tafadhali msipime volti gari ikiwa imeegeshwa injini inanguruma polepole. Hapo presha iko chini, ampea ziko chini, kila kitu kitaonekana kizuri. Pima gari ikiwa kwa mzigo, busti kamili, gia ya tatu ama ya nne, ikiwezekana kwa daino, ile mashine ya kupimia nguvu ya gari, barabara za watu si mahali pake.

Na ukivuta waya mpya kuna mambo mawili watu wanaharibu. La kwanza, Subaru nyingi za turbo zina kidhibiti cha pampu ambacho hakiipi umeme wote muda wote, kinakatakata umeme haraka haraka kwa kiwango cha asilimia 33, 67 ama 100 kulingana na mzigo. Ukichukua ule umeme unaokatwakatwa ukautumia kuwasha rilei ya kawaida, rilei itatetemeka mpaka ife, na itakufia ukiwa kwa busti. Mitsubishi Evo nazo zina rezista inayopunguza volti kwa mzigo mdogo. Jua gari yako inafanya nini kabla hujakata waya.

La pili ni la uhai. Rilei iwashwe na ule waya ambao kompyuta inaudhibiti. Usiiunganishe moja kwa moja na swichi ya ufunguo ati ndio rahisi. Kompyuta huwa inazima pampu injini ikisimama. Ukiipita, siku gari imegonga, paipu ya mafuta imekatika, injini imezima, wewe umebanwa ndani, pampu bado inamwaga petroli kwa kasi ya lita mbili tatu kwa dakika juu ya turbo yenye moto. Nikikuta gari iko hivyo haitoki hapa kabla ya kurekebishwa, hata mwenyewe akilalamika bei.

Kuhusu kwenda kubwa kupita kiasi, kwa ufupi. Regulata ya stoku na paipu ya kurudisha zina ukomo. Weka pampu ya 450 kwa asilimia 100 muda wote, gari ikiwa kwa foleni ya Thika Road haihitaji karibu chochote, yote yanarudi tangini, regulata inashindwa kuyapitisha, presha ya msingi inapanda yenyewe, gari inanuka petroli na plagi za kuwashia injini zinakuwa nyeusi. Na mafuta yanayozunguka bure yanapata joto, tangi likiwa robo yanapata joto haraka zaidi. Hapa Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, presha ya hewa iko chini, petroli inaanza kutoa mvuke kwa joto dogo kuliko Pwani, na pampu inayovuta mvuke haivuti kitu. Ule mlio wa pampu unaolia foleni ikizidi saa moja, mara nyingi ndio huo.

Wenye Golf GTI za Mk5 na kuendelea, yenu ni habari tofauti. Pampu ya tangini inalisha tu ile pampu ya presha ya juu inayosukumwa na kamshafti, na reli yenu iko bar 100 na kuendelea. Kama ile ya juu imeishiwa, ya tangini hata uweke ngapi haisaidii. Na kwa zile injini za EA113, kagueni kale kakikombe kanakokaa kati ya kamshafti na pampu, kanalika, na kakitoboka kanaharibu kamshafti pia.

Pampu feki zipo kweli, sikatai, majina makubwa yote yanaigwa. Lakini stika na hologramu za boksi siziamini, naamini ndoo. Nje, hewa inapita, kizima moto kiko karibu, hakuna sigara wala simu ya kuita, unaipa pampu volti 13.5, unaweka regulata kwa bar 4.5, unapima inatoa ngapi kwa sekunde 30 halafu unazidisha mara 120. Lita 1.6 ni 192 kwa saa. Hiyo ndiyo pampu uliyonayo, andika hiyo.

Sasa jambo ambalo sioni likitajwa na linaua injini za watu wetu hasa. Gari inatyuniwa Nairobi, halafu Disemba inashushwa Mombasa. Hapa hewa ya kawaida ni kama bar 0.82, kule ni kama 1.01. Ukiwa na kidhibiti cha busti cha mkono kinachoshika bar 1.5 juu ya hewa ya nje, Nairobi injini inapata jumla 2.32, Mombasa 2.51. Hiyo ni hewa zaidi kwa asilimia 8, na mafuta zaidi kwa asilimia hizo hizo. Presha ya reli ni ile ile 4.5, kwa hivyo kwa geji kila kitu kinaonekana sawa, ila zile lita 164 sasa zimekuwa 177, mafuta yana joto la Voi mchana, na alteneta nayo imechemka inatoa volti pungufu. Ile nafasi uliyodhani umebakiza imeliwa kutoka pande tatu kwa mpigo. Mafuta hayatoshi, injini inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo ndani ya silinda, na mtu anarudi na pistoni iliyopasuka pale ringi zinapokaa akilaumu petroli ya Pwani.

Kompyuta zinazolenga presha kamili ya ndani ya manifoldi, yaani busti pamoja na hewa ya nje, zinajirekebisha, zile za kidhibiti cha mkono hazijirekebishi. Kama yako ni ya mkono na unashuka, jaza tangi zaidi ya nusu, punguza busti kama bar 0.2 kabla ya safari, na ukishapita Mariakani hewa imekuwa nzito, tafuta fundi mwenye waidibendi (kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta) afanye logi, yaani arekodi ukiendesha, ya presha ya reli na volti za pampu pamoja. Presha ikishika mpaka juu, rudisha busti yako kidogo kidogo. Isiposhika, iache ilivyo mpaka upande tena Nairobi.