Matibabu ya mzizi wa jino ni kufanya nini hasa?

Jino lina maumivu ya mchana na maumivu ya usiku. Ya mchana huja ukinywa maji ya baridi au ukitafuna kashata, yanachoma mara moja kisha yanapita. Ya usiku huanza yenyewe, hujala wala hujanywa, na ukiweka kichwa kwenye mto yanazidi. Jino linapwita kwa kufuata mapigo ya moyo, linavuta mpaka sikioni, hata hujui kama ni la juu au la chini. Dada yangu alikaa wiki nzima hivyo nyumbani kwake Tandika, analala ameketi kwenye kochi na chupa ya maji ya baridi shavuni. Siku ya nane akaamka hana maumivu kabisa. Tukamshukuru Mungu. Kumbe jino ndiyo lilikuwa limekufa.

Jino si kipande cha mfupa mtupu. Nje pana gamba gumu jeupe, chini yake tabaka la manjano lenye ugumu wa wastani, na katikati kabisa kuna kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kiini hicho kinashuka ndani ya mzizi kwa kijifereji chembamba mpaka kwenye kitundu kilichopo nchani, na hapo ndipo damu inapoingilia. Jino likitoboka mpaka bakteria wakafika kwenye kiini, kiini kinavimba. Kidole kikivimba, ngozi inatanuka. Kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu, hakina pa kutanukia, kwa hiyo kinajibana chenyewe. Ukilala, damu inaongezeka kichwani na mbano unakuwa mkali zaidi. Ndiyo maana ya ule usiku.

Mwishowe damu inashindwa kupita, kiini kinakufa, na mshipa wa fahamu unakufa nacho. Maumivu yanakatika. Wengi wetu hapo tunadhani tumepona, na hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Bakteria hawajaondoka. Wamebaki ndani ya jino mfu ambalo damu haifiki tena, na taratibu wanatokea kule nchani mwa mzizi na kuingia kwenye mfupa wa taya. Kwa dada yangu ilichukua miezi kadhaa, kisha kikatoka kipele kwenye ufizi, kinapasuka, kinatoa majimaji yenye ladha ya chumvi, kinakauka, kinarudi tena. Hakikuuma, kwa hiyo hakuna aliyekijali.

Sasa tuje kwenye dhana yenyewe. Matibabu ya mzizi wa jino, au ruti kanali kama wengi wanavyoyaita hapa Dar, ni kukitoa hicho kiini kilichooza au kilichofia ndani, kusafisha vijifereji vyake, na kuvijaza ili bakteria wasipate tena pa kuishi. Mzizi hautolewi. Unabaki kwenye taya ukiwa umelishika jino lako. Wengine husema "kuua mshipa", lakini mara nyingi mgonjwa anapofika kwenye kiti mshipa umeshakufa zamani.

Kazi inaanza na picha ya eksirei na sindano ya ganzi. Daktari analitenga jino kwa kipande cha mpira mwembamba kilichotobolewa tundu, jino linachungulia peke yake, mate hayaingii. Anatoboa juu ya jino, kisha anaingiza tupa. Niliomba nizione kwa karibu: ni visindano vyembamba kuliko sindano ya cherehani, vyenye mikwaruzo ubavuni, na ncha ya namba 10 ina upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Zinapanda namba kidogo kidogo, na kila baada ya tupa kijifereji kinaoshwa kwa dawa ambayo kemikali yake kuu ni ileile ya jiki ya kufulia. Ndiyo maana ule mpira ni muhimu: unazuia dawa isidondokee kooni. Mwisho vijifereji vinajazwa gutapecha, utomvu wa miti ya kusini mashariki mwa Asia unaolainika ukipashwa moto. Kazi inaweza kwisha siku moja, au ukarudi mara mbili tatu. Ganzi ikishika sawasawa, unachosikia zaidi ni kuchoka taya kwa kuachama muda mrefu. Baadaye jino huwa na maumivu ya kugusa kwa siku chache.

Jino la mbele kwa kawaida lina kijifereji kimoja, na madaktari wa meno wengi wanalitibu vizuri. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu, na mara nyingi vijifereji vinne, cha nne kimejificha pembeni. Kikisahaulika, usaha unarudi. Hapo, au kwenye mzizi uliopinda sana, au jino lililotibiwa mahali pengine likagoma kupona, ndipo unapomhitaji daktari bingwa anayefanya kazi kwa darubini. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, pale Upanga, kinafundisha madaktari wa meno na mabingwa pia, kwa hiyo mkazi wa Dar hana haja ya kuwaza safari ya mbali. Aombe rufaa.

Na vidonge? Tunanunua amoksilini duka la dawa, tunakunywa siku tatu, tunaacha. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya jino lililokufa damu haiendi. Karafuu ya bibi inapunguza maumivu kweli, mafuta yake madaktari wenyewe huyachanganya kwenye dawa ya kuzibia, ila haifiki nchani mwa mzizi. Uvimbe ukishuka chini ya taya, ukashindwa kumeza au kuachama, ukapata homa au pumzi ikabana, usisubiri kupambazuke: nenda hospitali usiku huohuo, maana uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Kung'oa ni rahisi zaidi kwa mfuko, na wakati mwingine ndiyo tiba sahihi, mathalani mzizi ukiwa umepasuka au jino limebaki kipande kisichoweza kushika kitu. Lakini pengo nalo lina gharama yake: meno jirani yanalala kuelekea pale, la taya nyingine linalotazamana na pengo linasogea kulifuata, na mfupa wa taya unapungua.

Dada alitibiwa gego lake, kipele kikatoweka. Akaambiwa arudi kuwekewa taji, ile kofia ya kulifunika jino, kwa sababu gego lililotobolewa hivyo limebaki na kuta nyembamba. Akaona limetulia, akaahirisha. Jumapili moja tulikwenda Coco Beach, akauma muhogo wa kukaanga, tukasikia mlio. Bahati nzuri ulikatika ukuta mmoja tu, mzizi ukabaki mzima. Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye foleni ya taji.