Kujifunza kwa Kutazama: Dhana Inayoeleza Nguvu ya Filamu za Mapigano kwa Vijana

Kujifunza kwa kutazama ni dhana ya saikolojia inayoeleza jinsi mtu anavyopata tabia mpya kwa kumwangalia mwingine akiitenda, bila kufundishwa wala kulazimishwa. Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ndiye aliyeipa umaarufu. Mwaka 1961 yeye na wenzake waliwaonyesha watoto wadogo mtu mzima akimpiga mwanasesere aliyejazwa hewa, na watoto hao wakawazidi wenzao kwa kumpiga vilevile.

Jaribio la mwaka 1965 lina uzito zaidi. Watoto walitazama filamu fupi ambayo mpigaji alipongezwa, au aliadhibiwa, au hakufanywa lolote. Waliomwona akiadhibiwa walimwiga kidogo kuliko wengine. Lakini watoto wote walipoahidiwa vibandiko vya picha na maji ya matunda kwa kila tendo watakaloweza kulirudia, tofauti hiyo ikatoweka. Maana yake ni kwamba wote walikuwa wamekwisha kujifunza, na adhabu ilizuia kutenda tu, haikufuta walichokijua.

Ni kweli kwamba kumpiga mwanasesere si kumpiga mtu, na mwanasesere yule alitengenezwa apigwe. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilieleza mwaka 2020 kwamba michezo ya video yenye ukatili ina uhusiano mdogo na vitendo kama kufoka na kusukumana, ila ushahidi hautoshi kuihusisha na uhalifu mkubwa. Kwa hiyo kijana akimchoma mwenzake kisu, kuitupia filamu lawama yote ni kuacha kuuliza anaishi na nani na anapigwa mara ngapi nyumbani.

Hata hivyo, hapa Kigoma, anayeingia kwenye kibanda umiza, yaani kibanda cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio, cha Mwanga au Ujiji wakati wa likizo ataona jambo ambalo watoto wa Stanford hawakuwa nalo, yaani umati. Stelingi, yaani shujaa wa filamu, anaua watu wengi kuliko adui, wala haadhibiwi, na kila anapoua, benchi zima linasimama na kushangilia kwa sauti inayofika barabarani. Shangwe ile ndiyo zawadi, na inatoka kwa kaka na majirani ambao mtoto wa miaka 10, aliyebanwa katikati yao, anatamani sana kufanana nao.