Fomu ya Utafiti ICU: Ndugu wa Mgonjwa, Uliza Kabla Hujasaini

Ridhaa ya niaba ni nini?
Ni kibali anachotoa ndugu wa karibu ili mgonjwa asiyejitambua aingizwe kwenye utafiti. Aliyelala ICU, yaani chumba cha wagonjwa mahututi, na mpira wa kupumulia kooni hawezi kusema ndiyo wala hapana, ndiyo maana unaulizwa wewe. Fomu hii si ile ya kukubali upasuaji. Ni karatasi nyingine kabisa.

Nikikataa, mgonjwa wangu ataachwa?
Hapana. Hapana kabisa. "Sista, nisiposaini mtamchomoa mashine?" Swali hili naulizwa mara kwa mara, na wengine hawaulizi: wanaegemeza fomu ukutani pale koridoni, wanafungua ukurasa wa mwisho moja kwa moja na kusaini kwa hofu. Jamani, mashine haichomolewi. Dawa zinaendelea, kitanda ni chake, madaktari na manesi ni walewale. Mtu akikutisha vinginevyo, mripoti kwa kamati ya maadili ya utafiti. Mawasiliano yake yanatakiwa yawe kwenye fomu hiyo hiyo. Hapa Tanzania utafiti wa afya kwa binadamu hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili, na ya kitaifa iko chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Lakini fomu kaileta daktari. Si ina maana utafiti utamsaidia mgonjwa?
Si lazima. Utafiti unafanywa kwa sababu jibu halijajulikani, hata kwa daktari mwenyewe. Mfano uko hapa hapa kwetu. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST, uliohusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania waliofikishwa hospitali na homa kali huku mzunguko wa damu umedhoofika. Kuwamiminia maji ya dripu kwa kasi kulionekana ndiyo tiba sahihi. Kumbe waliomiminiwa walikufa zaidi: ndani ya saa 48, takriban 10 au 11 katika kila 100, dhidi ya 7 kwa wasiomiminiwa. Bila wazazi kukubali, tusingelijua hilo. Kwa hiyo sikuambii ukatae. Nakuambia usikubali ukidhani umenunua tiba bora, wala usikatae ukidhani watoto wa watu wanafanywa panya wa majaribio.

Katika utafiti huo, mzazi ambaye mtoto wake hakuweza kusubiri aliombwa ridhaa ya mdomo kwanza, ya maandishi ikafuata hali ilipotulia. Kamati za maadili zilikuwa zimeidhinisha utaratibu huo kabla.

Nani asaini?
Anayemjua mgonjwa, si mwenye sauti kubwa wala aliyelipa bili. Na usijiulize "mimi nataka nini"; jiulize yeye angesema nini. Tafiti nyingine za wagonjwa mahututi zinahitaji jibu ndani ya saa chache, hakuna nafasi ya kumsubiri baba mkubwa atoke Songea. Mkishindwa kuelewana, semeni hapana, na matibabu yanaendelea.

Niulize nini?
Atafanyiwa nini cha ziada, tofauti na matibabu ya kawaida? Atatolewa damu mara ngapi? Hatari ni zipi, na akidhurika nani anagharamia? Kama fomu iko kwa lugha usiyoielewa, usiiguse mpaka ueleweshwe. Kisha dai nakala yako. Wengi wanaondoka mikono mitupu, kesho yake hata jina la utafiti hawalikumbuki.

Nikibadili mawazo baada ya kusaini?
Mtoe, siku yoyote, bila kueleza sababu. Na narudia: kumtoa kwenye utafiti si kumtoa kwenye matibabu.

Akizinduka, tumwambie?
Lazima. Familia nyingi zinaficha, eti asisumbuke. Acheni. Akili ikimrudia vizuri, watafiti wanapaswa kumweleza na kumuuliza mwenyewe kama anaendelea. Akisema hapana, ni hapana, hata kama sahihi yako ipo, na dawa zake za saa mbili usiku atapewa kama kawaida.